Mtachoka Hazai Tena, Baba

Baba yangu,

Sikuulizi hali. Aliyetangulia mbele ya haki, hali yake anaijua Mola wake, na kazi yangu mimi ni kukuombea. Nakuombea kila baada ya sala, wewe mwenyewe ni shahidi. Leo nataka nikupe hali yangu mimi.

Leo nimenawa mikono mara saba, na si mara ya kwanza mwezi huu. Mara moja kwa udongo, mara sita kwa maji, kama nilivyokuwa nakuona wewe ukifanya nilipokuwa mdogo. Lile kopo lako la maziwa ulilokuwa ukiweka udongo mwekundu, lipo mpaka leo pale chini ya mtungi. Kutu imekula mdomo wake, lakini lipo. Miaka yote nimelipita nikisema hili ni kopo la Baba, halinihusu, mbwa mimi simgusi. Sasa nalijaza mwenyewe.

Nimemshika mbwa wako Mtachoka, Baba. Nimemshika kichwa kwa mikono yangu hii miwili, mate yake yakanitiririka mpaka kwenye viwiko.

Ngoja nianze mwanzo, maana ukinisikia naruka-ruka utasema, "Mama, kaa chini kwanza, upumue." Tangu uondoke hakuna mtu hapa kijijini anayeniita mama. Watu walidhani unaniita hivyo kwa sababu tu nimebeba jina la mama yako mzazi, Bibi Somoe. Ni kweli, ndiyo sababu. Lakini mimi najua kwamba baada ya yale ya hospitali ulizidisha. Ukawa unaniita hata pasipo haja, njiani, mbele za watu, kwa sauti. Nitafika huko.

Mvua zimenyesha misimu miwili tangu tukuzike. Shamba lipo. Mihogo imesimama, mpunga wa bondeni mwaka jana ulinitosha mpaka Ramadhani na wa sadaka ukabaki. Momade amenunua pikipiki, anapakia watu kati ya hapa na Palma, na amenenepa, mdogo wangu yule uliyekuwa ukisema upepo utamchukua. Mimea ya mbegu pale mpakani imefungana, mtu mgeni akipita anauliza ni shamba gani hili limepandwa kila kitu mstari mmoja. Mimi namweleza. Nafurahi sana kumweleza.

Namwambia: hayati baba yangu alikuwa na mbwa wa kulinda shamba, na nguruwe wa nchi nzima hii walimjua. Watu walikuwa wanakuja mpaka kutoka Diaca kuomba watoto wa mbwa wake. Yeye alisema mbwa hauzwi, bei yake haramu, lakini hatolewi bure kama takataka. Anayetaka aje na konzi moja ya mbegu ya shambani kwake. Halafu mbegu ile anaipanda mpakani mwa shamba lake. "Mbwa wangu atalinda mpaka wako, mbegu yako itakaa mpakani kwangu." Basi huo mstari unaouona, mbaazi ni za fulani, mtama wa fulani, bamia zile za mtu wa Nhica ambaye hata jina lake sikumbuki.

Na hakuna mtoto wa mbwa aliyetoka kwako kabla hajazunguka mpaka na mama yake msimu mzima. Ulikuwa unasema watoto wako wapo unyagoni, wanafundwa. Wanawake walikasirika. Bi Atija, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, alisema, "Mzee huyu anatufananisha na mbwa." Yule Bi Atija ambaye kila siku alikuwa na neno kuhusu nyumba ya watu wa sala kuwa na mbwa. Ndipo ukamwita mbwa wako Mtachoka. Kila asubuhi unasimama mpakani unaita, "Mtachoka! Mtachoka!" na yeye kule kwake anasonya hadi huku tunasikia. Ukiambiwa, unasema, "Mimi namwita mbwa wangu. Yeye nani kamwita?"

Mungu akusamehe, Baba. Bado nacheka.

Sasa sikiliza. Siku ile tulipokimbia vita, ulifungua mlango wa banda ukawaambia mbwa wako, "Nendeni, kila mmoja na Mungu wake." Wakaenda. Mtachoka peke yake ndiye aliyekataa, akatufuata nyuma, mbali kidogo, siku zote zile za kutembea, na tuliporudi akarudi nasi. Katika mbwa waliokuwa wamekwenda kwa watu hakuna tuliyepata habari zake. Waliohama walihama, mbwa wengine walikufa, wengine wamekuwa wa porini. Ndiyo maana siku zile za mwisho, umelala kwenye mkeka na sauti imekwisha, ulinishika mkono ukaniambia, "Mama, mbegu ya mbwa hawa isikatike mkononi mwako." Nikasema, inshallah, Baba.

Nilisema inshallah.

Basi msimu huu Mtachoka alipotaka dume, sikumwacha na wale wa barabarani. Nilimtuma Momade Diaca akaleta dume jeusi, kifua kipana, sauti nzito, ungelipenda. Siku nne likawa hapa, likarudishwa kwao. Mwezi ukapita, nikaona tumbo linajaa. Baba, nilifurahi kama mimi ndiye. Nikatangaza. Kisimani nimetangaza, kwenye kusuka ukili nimetangaza, kwenye maulidi nimewaambia hata wasioniuliza. Wakaanza kuja na mbegu. Mmoja, wawili, wakafika watano. Na wa tano, usishangae, alikuwa Bi Atija. Alikuja na choroko zimefungwa kwenye pindo la kapulana yake, akasimama nje ya ua akitazama pembeni. "Nguruwe wamenimalizia mihogo," akasema. "Niwekee mmoja. Jike." Nikamwambia, "Karibu ndani, Bi Atija." Akasema, "Ndani kwenye mbwa siingii. Shika hizi."

Nikashika. Hapo ndipo nilipokosea. Wewe hukuwahi kupokea mbegu ya mtu kabla watoto hawajafumbua macho. Ulikuwa unasema cha tumboni ni cha Mungu, hakifungiwi ahadi. Mimi nilijua hilo, na bado nikapokea za wote watano, nikazitundika juu ya jiko nikizitazama.

Kosa la pili ni kubwa kuliko hilo, nakuambia kwa kuwa wewe hunicheki. Mtachoka alianza kunywa maji kupita kiasi. Anamaliza chungu chake, anakuja kwenye beseni la kuku. Mimi nikasema mjamzito hupenda maji. Akaacha kula shima yake, akawa analala tu, anajilamba nyuma. Nikasema mimba changa huwa hivyo. Harufu nikaisikia, nikasema mbwa ananuka, ndivyo alivyo. Unajua jinsi nilivyokuwa namlisha: namsogezea chungu kwa fimbo, naondoka. Wewe ulikuwa unaniambia, "Mkavu kwa mkavu hakuna najisi, mama, mguse tu mgongo." Sikumgusa. Niliona ndiyo usafi wangu kwa Mungu. Kumbe mtu anaweza kujitunza usafi mpaka kiumbe alichopewa akilinde kinaoza mbele yake asijue.

Aliyejua ni binti mmoja anaitwa Felismina, teknika, mtu wa tiba za mifugo. Ni wa kule juu, Mmakonde, Mkristo, ana msalaba mdogo shingoni, umri wake kama ningekuwa na mtoto. Alipita nyumba kwa nyumba akiwatia kuku dawa ya matone machoni, kwa ajili ya kideri. Akawamaliza kuku wangu, akanawa, akamwona Mtachoka amelala chini ya ghala.

"Mamá, mbwa huyu ana nini?"

"Ana mimba."

"Umemshika tumbo?"

Nikacheka. "Mwanangu, mimi mtu wa sala. Mbwa simshiki."

Hakubishana nami. Alipiga magoti, akamshika tumbo polepole, akainua mkia, akagusa, akanusa vidole vyake. Akafumba macho kidogo. "Hapa hamna watoto, mamá. Hapa kuna usaha. Kizazi kimejaa usaha."

Nilitazama zile mbegu tano juu ya jiko. Sikutaka kuzitazama, lakini macho yalikwenda huko yenyewe.

Akaniambia bahati ipo, daktari wa wanyama kutoka Pemba yuko Palma wiki hiyo, amekuja na chanjo za kichaa cha mbwa. Asubuhi yake Momade akafunga tenga nyuma ya pikipiki, tukamweka Mtachoka ndani juu ya gunia. Momade alimbeba kwa kumzungushia gunia, mimi nikashika upande wa gunia usio na mbwa. Ndivyo nilivyokuwa bado.

Daktari ni mtu mpole, anaongea chini kama anayeogopa kuamsha mtoto. Alimpima, akanieleza njia mbili. Njia ya kwanza, sindano. Dawa ya kuua ugonjwa na kukifanya kizazi kijikamue chenyewe. Akipona, kizazi anabaki nacho, anaweza kuzaa. Njia ya pili, kumpasua, kukitoa kizazi chote. Akiponea hapo, ugonjwa huo haurudi, na kuzaa basi.

Momade akanivuta nyuma ya jengo. Siku hizi ananiita mana, kama watu wa mjini wanavyowaita dada zao. "Mana, chukua sindano," akasema. "Apone, apate mimba moja tu. Moja tu. Tubakize jike mmoja, halafu huyu akatwe. Wasia wa Baba utakuwa umetimia, na mbwa amepona. Unapoteza nini?"

Baba, alisema vizuri. Nilirudi kwa daktari nikamuuliza kama hilo linawezekana. Akasema, "Linawezekana. Nimeona waliopona wakazaa. Nimeona pia walioonekana wamepona, wakataka dume tena, ugonjwa ukarudi wakafa. Umri wake si mdogo." Nikamuuliza, na kumpasua? Akasema, "Amedhoofika. Anaweza asiamke mezani. Sikufichi." Kisha akasema hawezi kuniamulia, mwenye mbwa ni mimi, ila niamue kabla ya adhuhuri, kwa sababu kila saa inayopita Mtachoka anapungua.

Mwenye mbwa ni mimi. Maneno hayo sikuwahi kuyasikia. Siku zote yeye alikuwa mbwa wako, mimi namwekea chakula tu.

Kwanza niliogopa dhambi. Nilimpigia simu mwalimu Saide wa madrasa, nikamuuliza kama kukata kizazi cha kiumbe si kubadilisha umbo la Mungu. Akaniuliza, "Unamkata kwa mchezo?" Nikasema, hapana, ni mgonjwa, atakufa. "Basi hiyo ni tiba," akasema. "Mtu alimpa maji mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Wewe usiogope kumtibu." Nikamwambia kuna wasia wa Baba. Akajibu, "Wasia wa baba yako siuingilii, huo ni wenu." Halafu akasema, "Ila ukifikiri, ifikirie na mihogo yangu, Somoe. Mbwa huyo akifa, nguruwe wakitoka kwako wanaingia kwangu." Hata siku ile nilicheka.

Nikakaa kwenye ngazi za lile jengo. Jua lilikuwa limeshapanda. Ndani namsikia Mtachoka anahema. Momade amesimama kando ya pikipiki yake hanitazami, na mimi kichwani nasikia lile neno lake, moja tu, moja tu. Nikajiuliza, neno hili nimelisikia wapi?

Nikakumbuka.

Baba, hatujawahi kulizungumza jambo hili mimi na wewe. Yote nayajua kwa kusimuliwa na Mama, Mungu amrehemu, maana mimi nilikuwa kitandani sijitambui. Yule mtoto wangu wa tatu alipotoka mfu, kama wenzake wawili, na damu ikakataa kusimama, madaktari wa Pemba walisema kizazi kitoke. Watu wa mume wangu wakasema subirini. Wakasema damu itasimama, mwacheni, apate mmoja tu, halafu mtafanya mtakavyo. Mmoja tu. Wakakaa pale nje wakishauriana. Ukaingia wewe, miguu ina matope ya bondeni, hukuwa umesimama njiani hata kubadilisha kikoi. Ukauliza karatasi iko wapi. Hukujua kusoma kilichoandikwa. Ukaweka dole gumba.

Ninachokumbuka mimi ni kidole chako kina wino wa bluu, unanilisha uji, na wino uko kwenye kijiko.

Mkwe wako alikuja juu. Alikuambia, "Mzee, umekata ukoo wetu." Mama alisema ulikuwa unapuliza uji, hukuinua hata kichwa. Ukamjibu, "Nimemchagua aliyepo. Asiyekuwepo ana Mungu wake." Baadaye waliponirudisha nyumbani kwako na talaka yangu, na maneno ya watu kijijini yakawa mengi, ndipo ukaanza kuniita kwa sauti njiani. "Mama! Mama, umeamkaje!" Mzee mzima anamwita mama mwanamke asiye na mtoto, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Nikasimama kwenye ngazi. Nilikuwa nakusubiri unijibu kutoka kaburini, na jibu ulikuwa umeshanipa nikiwa na miaka ishirini na minne.

Nikaingia ndani nikamwambia daktari, "Kitoe."

Akanipa karatasi na kalamu. Jina langu najua kuliandika, wewe ndiye uliyenipeleka darasani wakati wasichana wenzangu wanaachishwa. Lakini nilimwomba wino. Felismina, aliyekuwa hapo akimsaidia daktari, akatafuta kidau cha muhuri, na mimi nikaweka dole gumba.

Ikawa sasa anahitajika mtu anayemjua mbwa amshike kichwa mpaka dawa ya usingizi imwingie, maana alikuwa anawakorofisha. Momade akarudi nyuma hatua mbili. "Mimi nasali, mana," akasema. Nikamwambia, "Na mimi je, nacheza ngoma?" Nikakunja mikono ya gauni, nikaenda.

Hukuniambia, Baba, kwamba masikio yake ni laini hivyo. Miaka saba nimekaa naye ua mmoja. Nilimshika, nikamwita jina lake, jina lile la kumkera Bi Atija, nikaliita polepole kama jina la mtoto. Alinitazama. Alikuwa anatetemeka, akaacha kutetemeka, mate yakanitiririka mkononi, macho yake yakawa mazito. Nikasoma nilichojaliwa kusoma. Felismina akaniambia, "Mamá, sasa unaweza kumwachia." Nikasema bado kidogo.

Kizazi walichokitoa nilikiona kwenye beseni. Sikielezi. Sikumuuliza daktari kama sindano ingetosha, na yeye hakusema. Kuna maswali yakishajibiwa kwa kisu hayaulizwi tena.

Nilisali adhuhuri pale uani, baada ya kunawa mara saba, ya kwanza kwa udongo wa chini ya mpapai wao. Nilipomaliza alikuwa hajaamka. Felismina alikaa naye sakafuni, mkono juu ya mbavu zake, anahesabu pumzi. Mimi nahesabu tasbihi. Kila mmoja na imani yake na hesabu yake, tunamwangalia mbwa mmoja. Ilipokaribia alasiri, nikasikia kitu kinagonga saruji. Ulikuwa mkia. Mara moja tu, ta, basi. Momade, ambaye hashiki mbwa, alitoka nje kujifuta macho akisema ni vumbi.

Siku kumi nimemsafisha kidonda. Siku kumi kopo lako linajazwa. Leo asubuhi Felismina amekuja amekata nyuzi, akasema mshono ni mzuri kuliko wa watu wengine hospitalini. Nilimpa jogoo, akakataa, nikamfunga jogoo kwenye baiskeli yake.

Lakini kabla ya leo kulikuwa na kazi ya mbegu. Nilizishusha kutoka juu ya jiko nikazirudisha, nyumba kwa nyumba, kila konzi katika kitambaa chake. Ningeweza kumtuma Momade. Niliona aibu ni yangu, niibebe kwa miguu yangu. Wanne walizipokea. Mmoja akanipa pole, mmoja akaguna, wawili wakaniuliza kama ni kweli mbwa anapasuliwa kama mtu. Nilimweka Bi Atija mwisho, kwa kuwa nilijua pale ndipo nitakapoonjeshwa maneno.

Alikuwa anapepeta. Nikamwambia nikiwa nimesimama, "Bi Atija, nimekuletea choroko zako. Watoto hawapo. Na hawatakuwepo tena."

Akaweka ungo chini. "Umekata kizazi cha mbwa wa marehemu?"

"Nimekikata."

"Na wasia aliouacha? Sisi wote tuliusikia."

"Niliusikia zaidi yenu. Nilikuwa nimeshikwa mkono."

"Na mbwa mwenyewe?"

"Mzima. Jana kala, kabweka."

"Nimemsikia," akasema. "Nikajua hajafa, maana sikulala mchana." Kisha akausukuma mkono wangu pamoja na choroko zake. "Hizi hazirudi. Nina shemeji yangu Nhica ana mtoto wa mbwa, jike, hana ukoo, hana adabu, anakula mayai. Nitamleta. Wako atamfunda."

Nikamwambia, "Lakini Bi Atija, Mtachoka hazai tena."

Akachukua ungo wake. "Kungwi gani ulimwona anazaa?"

Baba, wewe unajua kwamba mimi ndiye kungwi wa kijiji hiki. Wasichana kumi na zaidi wametoka mikononi mwangu, na wa Bi Atija wawili wamo. Sijui kama alisahau anaongea na nani, au hakusahau. Alikuwa anapepeta, pumba zinaruka, uso wake siuoni. Nikaondoka na choroko zangu mkononi, na njiani nikatembea kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Huyo mtoto wa mbwa kaja juzi. Mwekundu, masikio moja juu moja chini, na kweli anakula mayai. Nilimuuliza Bi Atija tumwite nani. Akajibu hapohapo, inaonekana alikuwa ameshaliandaa miaka mingi. "Mwite Nimechoka."

Leo, Felismina alipoondoka, niliwatoa wote wawili. Mtachoka manyoya ya tumbo hayajaota bado, ametembea polepole, lakini alijua pa kuanzia. Kwenye mbaazi, akashuka na mstari, akapita mtama, akapita bamia za mtu wa Nhica. Yule mdogo nyuma yake anamng'ata mkia, anakimbilia panzi, anarudi. Walipofika pale kwenye kona, pale nguruwe wanapopenda kuingilia, Mtachoka akasimama, pua chini. Mdogo akamgonga kwa nyuma. Akageuziwa meno. Basi akasimama na yeye, pua chini, hajui anasimamia nini, lakini amesimama. Hivyo ndivyo ulivyokuwa unaanza nao.

Nimezipanda choroko, baada ya bamia. Palikuwa na nafasi.

Uliniambia mbegu isikatike mkononi mwangu. Damu imekatika, Baba, na ni mkono wangu huu. Sitakuficha na sitamsingizia Momade. Kama nimekosa nitakueleza tukionana, na wewe utaniambia nikae chini kwanza nipumue. Lakini moyoni sioni kukosa. Naona fahari, Mungu anisamehe kama ni nyingi. Fahari ya kuwa mtoto wa mtu aliyeweka dole gumba bila kujua kusoma, na asikosee.

Ijumaa nitakuja kukusomea Yasini, na hii nitaisoma pia, polepole, maana mwandiko wangu unaujua. Nakuahidi mambo mawili tu. Hakuna mtoto wa mbwa, wa ukoo wowote, atakayetoka shambani kwako kabla hajazunguka mpaka msimu mzima. Na kopo lako halitakosa udongo nikiwa hai.

Mola akupanulie ulipolala, akufungulie dirisha la upepo mwema. Upumzike, Baba. Shamba lina mlinzi.

Ni mimi mama yako,
Somoe